KILIO CHA MTOTO USIKU: NI NANI AAMKE?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeufanya usiku kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Ijumaa nyingi karatasi hii inazungumza juu ya swala, zaka, riba na mirathi. Leo tutazungumza juu ya titi la usiku. Usicheke. Na wewe mwanamume unayesema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, soma mpaka mwisho, maana karatasi hii imeandikwa kwa ajili yako hasa.

Sababu ya kuandika ni hii. Miezi iliyopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa hapa Dilala alinifuata mlangoni. Anafanya kazi ya posti katika kampuni ya migodi, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi 7. Akaniuliza: "Shehe, mama ya mtoto anataka kumwachisha kunyonya usiku, awe ananyonya mchana tu. Anasema amechoka. Dini inaruhusu?" Mimi nilikuwa nimesimama viatu mkononi, umeme umekatika, na mawazo yangu yalikuwa yameshafika nyumbani. Nikamjibu haraka haraka: "Mwanangu, Qur'ani imetaja miaka miwili kamili. Mwambie avumilie, thawabu yake ni kubwa." Akanishukuru, akaenda zake. Nami nikaenda kwangu nikalala usingizi mzuri.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mama yule anaamka saa tisa ya usiku, anawasha mbabula, anakaanga vitumbua, ili saa kumi na moja awe amekwisha kukaa njiani kabla wafanyakazi hawajapita. Mshahara wa mume haufiki mwisho wa mwezi. Na mtoto alikuwa anaamka mara nne, mara tano, kabla ya saa hiyo tisa. Hesabu mwenyewe usingizi wake ulikuwa wa masaa mangapi.

Alipoletewa jibu la shehe, hakubishana. Alikwenda katika farmasi ndogo akaomba siro ya kikohozi, ile inayoleta usingizi. Mtoto hakuwa na kikohozi. Usiku ule mtoto alilala, mama akalala, na vitumbua vikakaangwa kwa amani. Lakini jua lilipopanda mtoto alikuwa bado amelala, na walipomtikisa hakufungua macho, na pumzi yake ilikuwa inakuja polepole sana. Wakamkimbiza lopitali juu ya pikipiki. Alhamdulillah, Allah alimrudisha, na leo anatembea kwa kushika ukuta.

Baada ya siku chache kambo ya mtoto, mama mzazi wa yule mwanamke, alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kiti, akakubali maji, akaniuliza: "Shehe, ulipotoa jibu lako, ulimuuliza huyu kijana binti yangu anaamka saa ngapi?" Sikuwa nimeuliza. Ninaandika leo ili nisahihishe jibu langu mbele yenu, kwa idhini ya watu wenyewe, na jina la mtu sitalitaja.

Kwanza turudi kwenye aya yenyewe. Ni aya ya 233 ya Suratul Baqara. Mimi niliishika sehemu yake ya mwanzo tu, ile ya miaka miwili, kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe na kusema ameshika ng'ombe. Aya ile ni ndefu. Inasema miaka miwili ni kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Inaweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama, kwa wema. Inakataza mama asidhurike kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Kisha inasema kwamba wote wawili wakitaka kumwachisha mtoto, kwa kuridhiana na kwa kushauriana, hakuna lawama juu yao. Angalia vizuri: kuridhiana na kushauriana, maneno mawili. Allah (s.w.) hakusema baba aamue, wala mama ajifanyie peke yake kwa siri usiku na chupa ya siro. Na ikiwa kumwachisha mtoto moja kwa moja kunaruhusiwa kwa mashauriano, basi kupunguza titi la usiku peke yake, huku mchana ananyonya, kunawezaje kuwa haramu? Jibu langu lilikuwa na kosa la elimu, na si kosa la haraka tu.

Na sasa nataka nikupeleke Madina, kwa sababu jambo hili lilikwisha kutokea zamani, tena kwa mtu mkubwa kuliko mimi na wewe.

Umar bin Khattab (r.a.), katika ukhalifa wake, alikuwa ameweka daftari la hazina, kila Muislamu na fungu lake. Kwa watoto aliweka sharti: mtoto anaandikiwa fungu akiisha kuachishwa ziwa. Sharti hilo lilionekana la akili, kwani mtoto anayenyonya hali chakula cha sokoni. Basi usiku mmoja ukafika msafara wa wafanyabiashara, wakapiga kambi nje, na Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf (r.a.) kuwalinda wasiibiwe. Hii imeandikwa katika Tabaqat ya Ibn Saad. Katikati ya usiku Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Allah na amtendee mtoto wake vizuri. Akarudi. Mtoto akalia tena, akaenda tena akasema maneno yale yale. Mwisho wa usiku akasikia kilio mara ya tatu. Sasa akakasirika, akamwambia yeye ni mama mbaya, mbona mtoto wake hatulii usiku kucha?

Mama yule hakumjua ni nani. Akamjibu kwamba amemchosha tangu jioni. Yeye anajaribu kumwachisha mtoto na mtoto anakataa. Umar akauliza: kwa nini unamwachisha? Akasema: kwa sababu Umar hatoi fungu ila kwa mtoto aliyeachishwa. Akauliza umri wa mtoto. Akatajiwa miezi michache tu. Akamwambia asimharakishe.

Asubuhi aliswalisha Alfajiri na watu hawakuweza kusikia vizuri kisomo chake kwa sababu ya kulia. Alipotoa salamu alijilaumu nafsi yake kwa watoto wa Waislamu ambao huenda wameangamia kwa sababu ya sharti lake. Kisha akaamuru itangazwe: msiharakishe kuwaachisha watoto wenu, kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ana fungu lake. Akaandika hivyo kwa miji yote.

Ndugu yangu, mara mbili Umar alitoa mawaidha kama yangu: mche Allah, vumilia, mtazame mtoto wako. Mara ya tatu akatoa lawama. Mtoto aliendelea kulia. Kitu kilichobadilisha mambo ni neno moja dogo, "kwa nini". Alipouliza kwa nini, jibu lilimrudia yeye mwenyewe, na hapo hakukaa kumfundisha mama namna ya kumnyamazisha mtoto. Alikwenda kuondoa sababu. Mimi sikuwa na hazina ya kugawa, lakini neno lile la "kwa nini" halilipiwi hata franka moja, na mimi sikulitoa.

Usidhani hazina kuingia mpaka katika titi la mama ni hadithi ya Madina tu. Wazee wetu wanakumbuka kambi za Union Minière. Kampuni ile, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ilipunguza desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa muda mfupi, ikaanza kuwakalisha pamoja na wake zao, ili watoto wazaliwe kambini na wawe wafanyakazi wa kesho. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 katika mpango huo wa shaba. Na katika Kongo yote ya Wabelgiji wakubwa walitazama vibaya desturi ya mama zetu ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu huku wakijitenga na waume, kwa sababu desturi hiyo ilipunguza hesabu ya watoto, yaani hesabu ya mikono. Wakahimiza kuachisha mapema, wakagawa maziwa, wakapima watoto kwenye mizani. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Mizani ya mtoto ni jambo jema hata leo, mama asiikimbie. Ninasema tu kwamba kuna mtu mwingine aliyekaa ofisini akiamua mtoto aamke au alale, anyonye au aache, na sababu yake haikuwa mtoto.

Leo hakuna mtu wa ofisini anayekuja kutuamrisha. Lakini posti ya usiku inaamrisha. Bei ya unga wa bukari inaamrisha. Mama anayekwenda kuosha mawe na mtoto mgongoni, mke wa krezere ambaye hajui kama leo mume atarudi na kitu au atarudi mikono mitupu, hao usiku wao umekwisha kuuzwa kabla jua halijazama. Ukimwambia mtu kama huyo "vumilia" bila kuuliza neno lingine, umefanya kama nilivyofanya mimi.

Na mtu aliyechoka sana atatafuta dawa. Hilo nalo halikuanzia Dilala. Kule Marekani, tangu mwaka 1849, iliuzwa siro iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya kutuliza watoto wanaolia, na mama wengi waliisifu kwa sababu kweli mtoto alinyamaza. Ndani yake kulikuwa na mofini, dawa inayotoka katika afyuni. Uingereza nako, katika miji ya viwanda, wanawake walioamka mapema kwenda kazini waliwapa watoto wao dawa ya afyuni iliyoitwa Godfrey's Cordial. Watoto wengi walilala wasiamke. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kiliiweka siro ile ya kwanza katika hesabu ya dawa zinazoua watoto. Siro zetu za leo nazo, nyingi zina dawa zinazolaza. Prometazini, kwa mfano, haipewi mtoto ambaye hajafika miaka miwili, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi yake. Kwa hiyo ninasema wazi: kumpa mtoto mzima dawa ili alale, wewe upumzike, ni dhulma, hata kama umenunua kwa pesa ya halali, hata kama jirani amekuambia alimpa wa kwake na hakufa. Pombe kidogo mdomoni, tumbako, mizizi isiyojulikana, hukumu ni hiyo hiyo. Na asali, ambayo sisi Waislamu tunaipenda kwa haki, madaktari wanakataza kumpa mtoto kabla hajafikisha mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu, ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Kuna watakaosema: shehe amekuwa munganga. Hapana. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikaribia kuwakataza wanaume kuwaendea wake zao wanaonyonyesha, kwa kuhofia mtoto, kisha akaangalia Warumi na Waajemi, akaona wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, akaacha. Imo katika Sahih Muslim. Alitazama mambo yanavyokwenda kwa watu, hata kama watu hao hawakuwa Waislamu. Nasi tutazame.

Mtoto mchanga tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama yanayeyuka haraka. Ananyonya mara 8 mpaka mara 12 katika masaa 24, na usiku umo ndani ya hesabu hiyo. Katika miezi ya kwanza hajui usiku ni nini. Kutofautisha mchana na usiku kunaanza kuonekana anapokaribia miezi miwili au mitatu. Tena nguvu ya mwili inayoleta maziwa inapanda zaidi usiku, kwa hiyo anayekata titi la usiku mapema anaweza kukuta maziwa ya mchana nayo yanapungua. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe titi peke yake kwa miezi 6, bila maji, bila uji, kisha chakula kiongezwe na titi liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Unaona miaka miwili imerudi tena. Baada ya miezi 6, mtoto mwenye afya, anayeongezeka uzito na kula vizuri mchana, mara nyingi anaweza kukaa masaa mengi usiku bila chakula. Mara nyingi, nimesema. Wengine wanaamka hata wakitimiza mwaka, na huo si ugonjwa wala uchawi. Usimwite mama mkwe kutafuta nani ameroga.

Na wewe baba sikiliza jambo hili, maana wengi hawalijui. Mama ambaye hajaona siku zake tangu azae, mtoto wake hajafika miezi 6, na anamnyonyesha titi tupu mchana na usiku bila kuacha nafasi ndefu, kwa kawaida hashiki mimba. Ukikata titi la usiku, ngao hiyo inalegea. Wapo waliomnyamazisha mtoto wa kwanza usiku, na baada ya miezi kumi wakawa na wawili wanaolia.

Sasa swali lenyewe, lile linalotusumbua moyo. Je, kumwacha mtoto alie ni dhulma?

Wazungu wana maneno mengi hapa. Daktari mmoja wa Marekani, Emmett Holt, katika kitabu chake cha mwaka 1894, aliwafundisha mama wamwache mtoto alie mpaka aache mwenyewe. Wengine baada yake walilainisha: mngojee kidogo, mtulize, mngojee tena. Huko Australia watafiti waliwafuata watoto waliofundishwa kulala kwa namna hiyo ya taratibu wakiwa na miezi kama 8, mpaka wakafika miaka 6, na mwaka 2012 walitoa habari kwamba hawakuona madhara ya kudumu, wala faida ya kudumu. Ninayataja ili nisiwadhulumu. Lakini watoto hao wamelala katika nyumba ambazo homa ya malaria haiingii, ambapo mtoto akilia mzazi anajua karibu kwa hakika kwamba hana homa. Hapa kwetu kilio cha usiku kinaweza kuwa njaa, kinaweza kuwa mbu, kinaweza kuwa malaria inayopanda. Mtoto hana wakili ila kilio chake. Tusimfunge wakili mdomo kabla hatujasikia ushahidi.

Kwa maoni yangu, na Allah ndiye ajuaye zaidi, mambo hayako sawa. Mtoto wa chini ya miezi 6 akilia usiku, anayo haki ya kunyonyeshwa, na kumnyima ni dhulma. Mtoto mgonjwa, wa umri wowote, vile vile. Lakini mtoto wa miezi 8 au 9 au mwaka, mzima, aliyeshiba, ambaye ameshazoea kwamba kila akigeuka anatiwa titi mdomoni, huyo akilia kidogo huku mzazi yuko karibu naye, amemwekea mkono mgongoni, hajadhulumiwa. Anafundishwa, kama tunavyomfundisha kungoja bukari ipoe. Kumwacha peke yake katika giza, mlango umefungwa, mimi moyo wangu unakataa. Siwezi kusema ni haramu kwa sababu sina dalili. Ninakumbuka tu kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa anaingia katika swala akitaka kuirefusha, akasikia mtoto analia nyuma, akaifupisha kwa sababu alijua uchungu wa mama yake. Ikiwa swala ilifupishwa kwa ajili ya kilio, usingizi wangu mimi ni nani?

Usingizi wangu mimi. Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Nilizaa watoto wangu katika miaka ya 1990, wakati Gécamines ilikuwa inaanguka na watu wa Kolwezi hawalipwi. Kila mtoto alipozaliwa mimi nilihamia chumba cha nyuma. Nilisema ni kwa ajili ya Alfajiri, imamu hawezi kuswalisha huku anasinzia. Mama watoto hakunipinga hata siku moja. Juzi juzi, baada ya kambo yule kuondoka, nilimuuliza usiku ule ulikuwaje. Akacheka, akasema: "Wewe ulikuwa unatuamsha kwa adhana wakati sisi ndiyo kwanza tunalala." Miaka zaidi ya ishirini na tano imepita na sikuwa nimeuliza. Na bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, mpaka wakati wa swala ukifika anatoka. Kazi za nyumba na swala, zote mbili. Mimi nilichukua moja nikaifanya kuwa udhuru wa nyingine.

Basi kwa wale wenye mtoto aliyepita miezi 6, mzima, na wameshauriana wakaridhiana, nitasema yale niliyoyakusanya kwa mama wazee na kwa wauguzi. Ijazwe mchana kwanza: uji mzito wenye unga wa karanga, yai, ndakala zilizosagwa, sombe laini, na titi la kutosha mchana, maana mtoto ambaye mama yake anashinda sokoni anadai usiku deni la mchana. Titi la mwisho liwe kabla ya kulala, alale akiwa bado anajua kwamba amelala. Usiku uwe usiku: giza, sauti ndogo, telefoni mbali. Asikimbiliwe kwa kila mlio, kwa sababu watoto wananung'unika huku wamelala. Ngoja dakika moja usikilize. Likatwe titi moja kwanza, kwa kupunguza dakika zake, siku kadhaa, kisha lingine. Usianze wakati ana homa, wala anapotoa meno, wala mkiwa safarini. Chandarua kila usiku. Na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, usiingize mbabula katika chumba cha kulala ukafunga dirisha, maana hewa ya makala inaua nyumba nzima bila kelele. Mtoto mwenye joto kali, anayekataa titi, anayepumua haraka, anayekakamaa au kulegea kwa usingizi usio wa kawaida, huyo ni wa lopitali usiku huo huo.

Na anayemwendea mtoto usiku katika siku hizo za kujifunza awe baba. Hili ndilo lenye kazi kuliko yote. Mama akimkaribia, mtoto ananusa maziwa na kudai haki yake. Baba hananukii maziwa. Mtoto atalia, atamtazama, atalia tena, kisha atalala juu ya bega lake. Unayetoka kazini, badilisha nguo na uoge kwanza kabla ya kumshika. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven waliwapima watu wa Kasulo, ambapo tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na habari waliyoitoa mwaka 2018 ni kwamba kobalti ilikuwa nyingi katika mkojo wa wakazi, na kwa watoto zaidi kuliko kwa wakubwa. Vumbi la kazi usilipeleke kitandani.

Utasema: mimi niko posti ya usiku. Basi wiki ile ya mchana ni ya kwako. Na wiki ile ya usiku, kambo yuko, shangazi yuko, jirani wa parsele yuko. Mwanamke anayekaa peke yake na mtoto katika mji huu, Waislamu wa avenu yake wataulizwa. Kijana wetu yule hakumwachisha mtoto wake kwa mara moja. Walikaa mbele ya kambo, wakapatana: akiwa na posti ya mchana, yeye ndiye anayeamka saa tisa kuwasha mbabula na kupiga unga, na mama anaongeza saa moja na nusu ya usingizi. Anasema vitumbua vyake vya kwanza viliungua na wateja walilalamika. Mtoto alipofika miezi 10 alikuwa anaamka mara moja tu.

Karatasi hii usiiache juu ya mkeka. Ipeleke nyumbani, na kama mama hasomi, msomee. Mkishindwa kuelewana, mimi niko msikitini kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Jumatano. Njooni wote wawili. Viatu nitakuwa nimeviweka chini.